Pikapu ya Kubebea Mkate

Jumatatu, 14 Aprili 1986

Oili ya zamani imemwagwa, mpya imetiwa, chujio limebadilishwa. Pikapu ya Bwana Seif tena. Mara ya tatu tangu ishuke bandarini Januari. Oili iliyotoka ni safi, ungeweza kukaangia samaki. Nimeihifadhi kwenye dumu, nitampa mwenye lori mwenye shida.

Hakuna gari kubwa kuliko hili Raskazone nzima, mtaa wa wakubwa. Siku hizi kila kitu ruksa, basi Bwana Seif naye kajiruhusu. Ni meneja wa shirika ambalo halina tena cha kusimamia. Ghala tupu, makarani wanacheza bao. Lakini meneja anatembelea fowili yenye springi nene za kubeba tani. Bodi la nyuma limetandikwa zulia. Zulia! Sijapata kuona humo hata punje ya mchanga. Wiki iliyopita nilimwona akitoka dukani na mkate mmoja. Akauweka kiti cha mbele, nyuma asichafue.

Pembeni ya gia pana kile kigia kifupi cha fowili, cha kuyafanya magurudumu ya mbele nayo yavute. Yeye hutundika kofia yake hapo.

Kaniachia ufunguo kaenda zake. Wote huniachia. Gereji zote za mji huu zina benchi la wenye magari. Mtu huleta gari lake asubuhi, akakaa kutwa nzima anatazama mikono ya fundi. Akithubutu kwenda kula, akirudi atakuta spea zake nzima zimeondoka na mbovu zimekaa mahali pake. Kwangu hakuna benchi. Lilikuwapo, nikalipasua kuni mwaka wa kwanza. Miaka ishirini na miwili sijachukua hata nati ya mtu. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Daftari ni langu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeiona pikapu barabara ya hospitali. Mzigo wa leo: kuku mmoja. Mzima. Kiti cha mbele.

Jumamosi, 19 Aprili

Kaja Bi. Mwanahawa kutoka Muheza. Mfanyabiashara wa machungwa, mama wa shoka. Pikapu yake ya zamani ilinifia mikononi mwaka jana, chasisi ilikatika mara mbili, mara ya pili hata kuunga sikuweza. Tangu hapo anaomba malori ya watu. Msimu uliopita lori halikutokea siku nne. Machungwa yakachemka kando ya barabara, nyuki wakala wakashiba.

Leo kauliza kama kuna mtu anauza gari. Hakuna. Anayehitaji hana, aliye nalo anabebea kuku. Nilimwambia hivyo hivyo. Kacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Huyu mama alikuwa akinitupia ufunguo kwa mbali, hata gari halijazimika vizuri, tayari yuko njiani kwenda sokoni.

Jumanne, 22 Aprili

Trekta limevuta pikapu ya zahanati kutoka milima ya nyuma ya Maramba. Saa tisa nzima njiani. Mdogo wangu Mwanaidi kaja nayo, matope mpaka magotini. Yeye ndiye mkunga wa huko na ndiye kila kitu cha huko.

Nimeingia uvunguni. Difu ya mbele, lile bonge la meno linalozungusha magurudumu, imekwisha. Meno yamemeguka kama ya bibi. Pikapu hii ni pacha wa ile ya Bwana Seif. Muundo mmoja, mwaka mmoja, hata rangi. Tofauti ni kwamba hii bodi lake la nyuma lina mikwaruzo, damu iliyokauka, na godoro.

Spea hakuna Tanga. Hakuna Dar es Salaam. Nimemwuliza dereva anayekwenda Mombasa. Anasema iagizwe kutoka Japani, na kibali kitafutwe kwanza. Miezi. Nimefunga vizuri, itembee kwa magurudumu ya nyuma tu. Nilimwambia Mwanaidi, “Kwenye lami itakufaa.” Akanijibu, “Kaka, sisi lami tunaionea wapi?”

Ijumaa, 2 Mei

Barua ya Mwanaidi, kaleta kondakta wa basi. Nusu ukurasa.

Mvua haijakata. Pikapu ilikwama mlima wa kwanza, magurudumu ya nyuma yakachimba shimo, ya mbele yakatazama tu. Ndani alikuwamo mama wa uchungu. Wanaume sita walimtoa wakambeba juu ya kitanda cha kamba, wakashuka naye kwa miguu mpaka penye gari lingine. Mama kapona. Mtoto hakupona.

Hakuandika zaidi. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka, na mimi namjua. Mwandiko wake hunyooka akiwa na hasira.

Gari limerudi kwangu, limevutwa tena.

Jumapili, 4 Mei

Zimesimama uani kwangu zote mbili. Ya zahanati haina la kufanyiwa. Ya Bwana Seif imeletwa kwa sababu mlango “unalia”. Nimeupaka grisi. Kazi ya dakika moja.

Nilikaa nikazitazama. Sikuipenda nafsi yangu ilivyokuwa inawaza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Raskazone mwenyewe. Nilivaa shati safi. Nimemkuta Bwana Seif anaisimamia pikapu inavyooshwa kwa mpira wa maji, na sisi huku mtaani tunapanga ndoo tangu alfajiri.

Nimemweleza yote, mpaka mtoto. Nikamwomba awaazime zahanati gari mpaka mvua iishe. Au awaachie difu ya mbele, nami niweke mpya ikifika. Haitumii.

Alinisikiliza vizuri. Ndicho kilichoniudhi. Akatikisa kichwa kwa huruma, “Masikini, masikini.” Kisha: “Ila Fundi, hili ni gari la kazi. Siku yoyote naweza kuitwa shamba.”

Shamba gani? Hana hata mche wa mchicha. Kiatu chake cheupe. Nilitamani kumwuliza hiki kigia kifupi ni cha nini, mbele ya mkewe. Nikashika adabu. Nimerudi kwa miguu na kumdharau kila hatua.

Jumapili, 11 Mei

Tumefunga. Ramadhani njema. Nimeomba Mungu anitoe hasira. Bado ninayo.

Jumatatu, 19 Mei

Bwana Seif kaleta gari. Anataka honi kubwa zaidi. Ya sasa, anasema, watu hawaisikii. Anataka iwe tayari kabla ya Idi. “Likae tu hapa mpaka Jumatatu, Fundi, sina haraka nalo.”

Sina haraka nalo. Kayasema mwenyewe. Akatupa ufunguo juu ya meza yangu na kofia yake akaisahau kwenye kigia.

Ijumaa, 23 Mei

Sikwenda msikitini.

Niandike wazi. Watu wote walipokwenda Ijumaa, nilifunga lango la gereji kwa ndani. Nikainua pikapu ya Bwana Seif kwa jeki, nikafungua difu ya mbele, nikatoa matumbo yake. Mapya kabisa. Bado yana rangi ya kiwandani, meno hayajawahi kusagana na kitu. Nikachukua yale yaliyomeguka ya zahanati, nikayapangusa, nikayaweka mahali pake. Nikafunga. Kisha nikaingia uvunguni mwa ile nyingine.

Nilisikia hotuba kwa kipaza sauti, inakuja inapotea na upepo. Mdomo umekauka kwa saumu na mikono imo tumboni mwa gari la mtu. Kazi yenyewe niliifanya vizuri. Sijapata kufanya kazi safi kama hiyo. Hata nati nilizisugua.

Nimekuwa mla spea. Jina hilo nimewaita wengine miaka yote na kutema mate.

Jumatatu, 26 Mei

Zimeondoka. Ya zahanati asubuhi, dereva alijaribu kuipandisha kwenye rundo la kifusi hapo nje. Ikapanda bila kusita. Hakuuliza spea imetoka wapi. Siku hizi watu hawaulizi.

Bwana Seif kaja adhuhuri. Kapiga honi mara tatu, mbuzi wa jirani wakakimbia. Kazunguka mtaa mara moja akarudi anatabasamu: “Fundi, umelifanyaje? Limekuwa jepesi!”

Jepesi. Uzito ni ule ule, kasoro meno manne. Nilimdharau, na hapo hapo nikajidharau, na sikujua ni nani kati yetu aliyestahili zaidi.

Alhamisi, 5 Juni

Salamu za Mwanaidi kwa mdomo wa dereva. Wamama watatu wameshushwa wakiwa wamelala kwenye godoro, wote na watoto wao wazima. Mmoja alijifungua kabla ya kufika, mlimani, gari likienda.

Nilifurahi sana. Kisha nikafungua dumu la ile oili safi, nikalifunga tena bila sababu.

Jumatano, 11 Juni

Idi imepita. Sasa kichekesho, kama mtu ana moyo wa kucheka.

Bwana Seif kweli aliitwa shamba! Mama yake mzazi yuko kijiji cha mbele ya Maramba, akataka mwanawe aje amwone Idi pili. Akapakia mkewe, mchele na vitenge, wakaondoka na honi yao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko. Kwenye kijito, gari likazama mpaka milangoni. Wakakaa tangu asubuhi mpaka alasiri. Viatu vyeupe. Aliyewavuta ni dereva wa zahanati, kwa mnyororo, kwa magurudumu yote manne.

Leo kaja nalo, tope mpaka kwenye vioo. Zulia linanuka. Kaketi kwenye tairi langu kuukuu, kanyongonyea. Alisema alikivuta kile kigia kifupi, akakivuta tena, gari halikutoka.

Nikaingia uvunguni ili asinione uso. Nikatazama magurudumu ya mbele. Gari hili lina loki pale katikati ya kila gurudumu la mbele. Lazima ushuke, uiname kwenye tope, uzizungushe kwa mkono, kulia na kushoto, ndipo kigia kifanye kazi. Zilikuwa hazijaguswa. Kile kikaratasi cha kiwandani bado kimegandia juu yake. Hakujua hata kama zipo.

Maana yake angekwama hata kama difu yake ningemwachia. Angekwama vile vile, mahali pale pale.

Nilitaka jambo hili linipoze. Halikunipoza. Kuiba kitu asichojua mtu kama anacho, bado ni kuiba.

Jumatatu, 16 Juni

Bwana Seif anauza pikapu. Anasema ni dhaifu, imemwaibisha mbele ya mama yake. Ameagiza nyingine. Kubwa zaidi.

Sina la kuongeza hapo.

Alhamisi, 26 Juni

Nilijua litakuja, sikujua litakuja na nani.

Bi. Mwanahawa. Msimu umeanza, Muheza nzima ina harufu ya maganda. Amesikia pikapu ya Raskazone inauzwa. Ameuza ng'ombe, ameuza na bangili za dhahabu alizorithi kwa mama yake. Kaja nalo gari, Bwana Seif kampa alijaribu. Kashuka, kaniambia: “Fundi, mie macho yangu ndiyo weye. Nzima hino?”

Angekuwa mtu mwingine yeyote ningesema nzima. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mwenye pesa za mchezo ningemwambia nzima na ningelala vizuri.

Nikamwambia, “Bi. Mwanahawa, mbele hamna kitu. Meno yamevunjika.”

“Nani kayavunja? Yule kaka wa viatu?”

“Hakuyavunja yeye. Niliyaweka mie. Mazima nimeyatoa, nimewapa zahanati.”

Nilimweleza kuhusu mtoto, mlima, kitanda cha kamba. Nilijisikia ninavyojitetea nikaacha katikati. Alikuwa akitazama mikono yangu. Sio uso. Mikono.

Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikasema hajui. Akachukua ufunguo mezani, akaushika yeye. “Basi kamwambie. Mie sinunui gari la wizi, hata kama mwizi ni weye.”

Jumamosi, 28 Juni

Raskazone. Shati safi tena. Jana nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilishakubali: polisi, gereji kufungwa, jina langu mtaani.

Bwana Seif alikuwa barazani na picha ya gari jipya, kaikunja kwenye gazeti. Nikasimama. Nikasema yote, tangu lango nililofunga mpaka nati ya mwisho. Sikupunguza.

Akaniuliza: “Difu ya mbele? Kwani ziko mbili?”

Nikasema ziko mbili.

“Na gari si lilikuwa linakwenda?”

Lilikuwa linakwenda. Akafikiri. Nilimwona anavyofikiri, ilichukua muda. Akauliza ile ya zahanati iliyomvuta mtoni ndiyo hiyo yenye vitu vyake. Nikasema ndiyo. Uso ukamchanua. “Basi ile ni sadaka yangu, Fundi! Katikati ya Ramadhani! Mie nilikuwa sina habari na thawabu zinaandikwa!” Akanipiga begani. Akamwita mkewe amsimulie.

Nilikwenda nimejiandaa kufungwa, nikapewa juisi ya ukwaju. Sijawahi kumdharau mtu kiasi hicho na kumshukuru kwa wakati mmoja. Nikanywa ukwaju wake mpaka tone la mwisho.

Ijumaa, 4 Julai

Leo nilikwenda msikitini. Safu ya tatu.

Baada ya sala imamu akamwombea dua ndugu yetu Seif, aliyejitolea kipande cha gari lake mwenyewe ili kuokoa wazazi wa milimani. Watu wakaitikia amina. Mimi pia. Nilitazama zulia la msikiti muda wote. Bwana Seif alikuwa safu ya mbele, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nje alitoka akapiga honi.

Mtaani hakuna anayejua langu. Nimetoka msafi kama mtoto. Anayejua ni mmoja tu, naye yuko Muheza.

Jumanne, 8 Julai

Bi. Mwanahawa kainunua. Kanitumia salamu: njia yake ni lami, wakulima watamletea machungwa barabarani, magurudumu mawili yanamtosha. Na difu ikija kutoka Japani nimwekee, nisimdai.

Hilo sikuhitaji kuambiwa.

Jumatatu, 21 Julai

Breki. Pikapu ya Bi. Mwanahawa imeingia saa mbili asubuhi. Nilikuwa siijui mpaka nilipoona namba. Zulia halipo. Bodi limekwaruzwa kila upande, ukingo mmoja umebonyea kwa matenga, na ndani mna majani makavu na machungwa mawili yaliyopasuka. Taa moja imekufa. Limekuwa gari.

Aliniamkia vizuri, akauliza watoto, akanipa machungwa kwenye mfuko. Kisha nikanyoosha mkono kupokea ufunguo, kama siku zote. Nikangoja aseme anakwenda sokoni.

Akasema, “Nitakungoja hapa hapa, Fundi.”

Alitazama huku na huku pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa. Lile tairi kuukuu lilikuwa na maji. Nikamletea kreti la soda, nikalifuta kwa kanga mbovu ya kufutia mikono. Akakaa. Akamenya chungwa polepole, ganda moja refu bila kukatika, na macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu. Hakuwa na hasira. Alinipa na mimi kipande. Tuliongea bei za sukari na harusi ya binti yake mwezi ujao.

Nilifanya kazi taratibu. Kila kitu nilichokitoa nilikiweka juu ya gunia mbele yake, akione, na kila nilichokirudisha nilikiinua kwanza. Hakuniomba nifanye hivyo. Saa tano na nusu kazi imekwisha. Akajaribu breki mpaka kona, akarudi, akashukuru, akaenda zake Muheza.

Mchana sikupata mteja. Nilikuwa na mbao za makreti nyuma ya gereji, na misumari. Nimegonga benchi. Ni refu, wanakaa watu watatu. Nimeliweka kivulini, mahali unapoona vizuri.